ALIYE JUU MNGOJE CHINI: SAFARI YA THORNTON HEATH



Mwezi uliopita tulifunga safari kutoka Leicester, tunakoishi, kwenda Thornton Heath, kusini ya London, anakokaa binti yetu na watoto wake. Haikuwa safari ya matembezi. Tuliitwa kutoa hukumu. Mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameomba ruhusa ya kujifunza mchezo wa kupanda vitambaa vinavyoning'inia kutoka darini: kujiviringisha, kupinduka, na kujiachia kutoka juu kama mtu anayeanguka. Mama yake hakuthubutu kukubali wala kukataa. Baba yake, aliye Maskati kikazi, aliulizwa kwa simu naye akajibu kwa ufupi, "Muulizeni bibi yake. Yeye ndiye mwalimu wa fizikia."

Basi mzigo ukatuangukia sisi. Tulisomesha fizikia katika skuli za sekondari za Unguja kwa miaka mingi baada ya kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hatukumbuki siku tuliyopewa suali gumu kama hilo. Kabla ya kupanda treni tulikuwa tumekwisha amua moyoni kwamba jawabu ni hapana. Sababu yetu tutaieleza mbele.

NJIANI NA MJINI

Kutoka stesheni ya St Pancras tulichukua treni ya chini ya ardhi hadi Victoria, na kutoka Victoria treni ya kawaida ipitayo Clapham Junction, Balham, Streatham Common na Norbury. Haizidi nusu saa. Ukishuka Thornton Heath unajikuta katika mtaa wa biashara ambao mtu wa Darajani hawezi kuuona mgeni. Kuna muhogo, viazi vikuu, ndizi za kupika, bamia na samaki waliolazwa juu ya barafu. Wauzaji na wanunuzi wametoka Jamaika, Ghana, Nigeria, Pakistani na Sri Lanka, na kila mmoja anazungumza Kiingereza chake. Kwenye njia panda umesimama mnara wa saa uliojengwa mwaka 1900, na vijana hupeana miadi chini yake kama sisi tulivyokuwa tukipeana miadi Forodhani.

Jina la Heath maana yake ni nyika ya vichaka. Zamani upande huu ulikuwa ukingoni mwa msitu mkubwa ulioenea katika vilima vya Norwood, na wachoma makaa walifanya kazi yao hapa. Hata sasa iko njia iitwayo Colliers Water Lane, yaani njia ya maji ya wachoma makaa. Mbele kidogo, katika barabara kuu ya London Road, pana mahali paitwapo Thornton Heath Pond. Maana yake ni kidimbwi, lakini usitafute maji. Kidimbwi kilifukiwa zamani, pakabaki mzunguko wa magari na jina. Katika barabara hiyo hiyo upo Msikiti wa Croydon, ambao ijapokuwa unachukua jina la mji jirani, uko Thornton Heath. Ijumaa njia ya miguu hapo hujaa kanzu za kila namna.

Ukiinua macho upande wa kilimani utaona milingoti miwili mirefu ya chuma ya kurushia matangazo. Ule mrefu zaidi una mita 219, nao umesimama penye kilima cha Crystal Palace. Hapo palikuwa na jumba kubwa la vioo, lililojengwa kwanza Hyde Park kwa maonyesho ya mwaka 1851, kisha likahamishiwa kilimani na kufunguliwa mwaka 1854, hata likateketea kwa moto usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Jina lake lingali linaishi katika timu ya mpira ambayo tangu mwaka 1924 inacheza Selhurst Park, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa binti yetu.

Tunalitaja jumba hilo kwa sababu ndani yake, mwaka 1861, Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Blondin, aliyekuwa amevuka maporomoko ya Niagara juu ya kamba miaka miwili kabla, alitembea juu ya kamba kiasi cha mita 20 kutoka sakafuni, na watu wa London wakamiminika kumtazama. Mwaka huo huo Mfaransa mwingine, Jules Léotard, aliyekuwa ameonyesha mchezo wa kuruka kutoka bembea hadi bembea mjini Paris mwaka 1859, naye alikuja London. Kwa hiyo mambo ya kuning'inia hewani hayakuanza jana katika upande huu wa dunia, wala hofu yake haikuanza na sisi. Mwaka 1863, katika bustani ya Aston huko Birmingham, mwanamke mmoja mjamzito, Selina Powell, alianguka na kufa baada ya kamba aliyotembea juu yake kukatika. Mwaka 1879 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia watoto walio chini ya miaka 14 wasitumiwe katika maonyesho ya hatari. Mambo haya tulikuwa tumeyasoma maktaba kabla ya safari, tukayaandika katika kijidaftari, tukijitayarisha kama wakili anavyojitayarisha kwa kesi.

KAKA YETU NA MNAZI

Sasa tuieleze sababu yetu.

Tulipokuwa wadogo Jambiani, mtoto wa ami yetu, tuliyemwita kaka, alikuwa mkwezi hodari. Kijana wa miaka 17, alipanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni na kwa vidato vilivyochongwa katika gogo. Wasomaji wetu vijana, waliozoea kusikia kidato cha kwanza na kidato cha pili kuwa ni madarasa ya skuli, wajue kwamba kidato asili yake ni pengo lile analolikata mkwezi katika mnazi ili aweke mguu. Elimu ilipewa jina la kazi yake.

Asubuhi moja ya vuli, mvua ikiwa imekwisha nyesha, alipanda mnazi wa urefu wa mita 12 hivi. Gogo lilikuwa limelowa, na kitanzi kilikuwa kikuukuu. Aliteleza. Baadaye, tulipojifunza hesabu zake, tulijua kwamba kutoka kimo hicho mtu hufika chini kabla ya sekunde 2 kutimia, na kasi yake wakati huo ni kama kilomita 55 kwa saa. Kaka hakufa, lakini hakutembea tena.

Alikaa barazani miaka 22. Akajifunza kusokota kamba za usumba, kazi ambayo kwa desturi ya kwetu ni ya wanawake, wanaofukia makumbi pwani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kuyasokota. Aliifanya bila kuona haya. Na siku moja, sisi tukiwa na miaka minane au tisa, alitufundisha somo ambalo halikutoka kichwani mpaka leo. Alichukua kamba, akaizungusha mara tatu kwenye nguzo ya baraza, akatupa ncha moja. Ncha ya pili akampa baba yake, mvuvi mwenye kifua kama mlango. "Vuta," akamwambia. Mzee akavuta kwa nguvu zake zote, nasi tulikuwa tumeishika ncha yetu kwa vidole viwili. Kamba haikusogea. Tulicheka mpaka machozi. Kaka akasema, "Usimwogope mwenye nguvu. Hesabu mizungusho."

Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwa ajili yake tulisoma fizikia, na kwa ajili yake hatukutaka mtoto wetu yeyote apande kitu chochote.

NDANI YA UKUMBI

Mafunzo hufanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja wa mtaani, kipindi ambacho ni cha wanawake na wasichana peke yao. Milango hufungwa na mapazia huteremshwa. Kwa hiyo mama na bibi wanaruhusiwa kukaa kwenye benchi na kutazama, jambo ambalo lilitupunguzia hoja moja kati ya zile tulizoziandika. Mwalimu ni mwanamke wa makamo mwenye asili ya Jamaika, mwenye mikono ya mtu aliyevuta majarife maisha yake yote.

Kutoka katika boriti ya chuma, kiasi cha mita sita juu, viliteremka vitambaa viwili virefu vya rangi ya zambarau. Waingereza huviita hariri, lakini hilo ni jina tu. Aghalabu ni nailoni iliyofumwa kwa namna inayoruhusu kunyumbuka kidogo, na kunyumbuka huko, kama tutakavyoona, ndiko kunakomwokoa mtu.

Tulimwamkia mwalimu, kisha tukamwuliza maswali yetu moja moja. Nani anakagua boriti? Kitambaa hubadilishwa lini? Hakukasirika. Alituletea daftari lenye tarehe na saini, akatueleza kwamba kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka kifaa kinachomwinua mtu kazini kichunguzwe na mjuzi angalau kila miezi 6, naye hufuata muda huo. Akatuonyesha pete ya chuma inayounganisha kitambaa na boriti. Ilikuwa na chapa ya kilonyutoni 22, yaani inastahimili mzigo wa zaidi ya tani 2. Tulimtazama mjukuu wetu, ambaye hazidi kilo 40, tukapiga hesabu kimoyomoyo. Lakini tulijiambia kwamba hata mnazi haukukatika siku ile. Aliyeteleza ni mtu.

Kisha wakaanza kupanda. Mtoto hukiviringisha kitambaa kwenye mguu mmoja, akakikanyaga kwa mguu wa pili, kikabanwa baina ya nyayo mbili. Halafu hunyoosha magoti, akasimama juu ya kitambaa chenyewe. Tulishtuka, kwani ni ule ule ufundi wa mkwezi. Kinachombeba si mikono bali ni msuguano baina ya kitambaa na mguu.

Akiisha kufika juu, hukizungusha kitambaa kiunoni, pajani na mgongoni, kisha huachia mikono yote miwili. Hapo wazazi wengi hufumba macho. Sisi hatukufumba, kwa sababu tuliiona nguzo ya baraza ya Jambiani.

HESABU YA MIZUNGUSHO

Kanuni ya jambo hili huhusishwa na Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu wa Uswisi aliyeishi kati ya mwaka 1707 na 1783. Kamba inapozungushwa kwenye nguzo, kila sehemu ndogo ya kamba huibana nguzo na kupata msuguano wake, na kila sehemu huisaidia ile inayofuata. Kwa hiyo msaada haujumlishwi, bali unazidishwa. Tukikisia kwamba msuguano baina ya kitambaa na nguo ni wa kadiri, yaani ile namba wanayoiita kigawe cha msuguano ni 0.3, basi mzungusho mmoja hupunguza nguvu inayohitajika kushika kwa zaidi ya mara 6. Mizungusho miwili huipunguza kwa mara 43. Mitatu huipunguza kwa zaidi ya mara 280. Mtoto wa kilo 40 aliyezungushiwa kitambaa mara tatu anaweza kuzuiwa na kani isiyozidi uzito wa chungwa dogo, na uzito wa mkia wa kitambaa unaoning'inia chini yake unatosha kabisa.

Ajabu nyingine ni kwamba unene wa nguzo hauna hesabu hapo. Iwe nyembamba kama kidole au nene kama mlingoti wa jahazi, kinachohesabiwa ni mizungusho na ukavu. Mabaharia wetu walilijua hilo bila ya Euler. Chombo kinapotia gati, baharia mmoja huzungusha kamba kwenye nguzo na kukizuia chombo chenye shehena ya tani nyingi, naye anazungumza na watu.

Lakini neno ukavu lina uzito wake. Gogo lililolowa lilimwangusha kaka yetu. Hapa mwalimu huwakagua watoto viganja, na mwenye jasho hupaka unga maalumu kabla ya kupanda.

KUJIACHIA

Kilichotusumbua zaidi ni ule mchezo wa kujiachia. Msichana mkubwa, mwenye miaka 18 hivi, alijifunga juu karibu na boriti, akaachia, akaporomoka huku akibingirika, na vitambaa vikifunguka mwilini mwake. Ghafla akasimama hewani, kichwa chini, akitabasamu. Sisi tulikuwa tumesimama bila kujua tumesimama saa ngapi.

Tuifanyie hesabu. Chukua mtu wa kilo 40 aanguke mita 1.5 kabla ya kitambaa kumshika. Kasi yake itakuwa karibu kilomita 20 kwa saa, kama mpanda baiskeli. Sasa kani ya kumsimamisha inategemea nafasi anayopewa ya kusimamia. Akisimamishwa katika nusu mita, kitambaa kikinyumbuka na mizungusho ikikaza polepole, atahisi kani kama mara 4 ya uzito wake, yaani kilo 160. Akisimamishwa katika sentimita 10 tu, kani hiyo hufika mara 16, yaani kilo 640. Anguko ni lile lile, mtu ni yule yule. Tofauti ni sentimita 40. Ardhi ya Jambiani haikumpa kaka yetu hata sentimita 10.

Ndiyo maana mwalimu hawaruhusu wanaoanza kujiachia kabisa mpaka wapite miezi mingi, na kila kifungo hujifunzwa kwanza karibu na sakafu, juu ya godoro nene. Tulipomwuliza mjukuu wetu atafika lini daraja ya yule msichana mkubwa, alijibu kwa Kiingereza kwamba hajui, na kwamba hana haraka. Jawabu hilo lilitupendeza kuliko daftari la ukaguzi.

Tuliona pia mzunguko. Mtoto aliyening'inia akisukumwa huzunguka taratibu akiwa amenyoosha mikono na miguu, na akijikunja huzunguka kwa kasi mpaka nyuso zetu zikawa haziko kwake. Hakuna aliyemsukuma tena. Wingi wa mzunguko wake ni ule ule. Akiukusanya mwili karibu na katikati, kasi huongezeka kufidia. Tulilisomesha jambo hili kwa kiti cha kuzunguka na matofali mawili mkononi, na wanafunzi wakalisahau baada ya mtihani. Watoto wa pale hawawezi kulisahau, kwa kuwa wamelihisi tumboni.

MSUGUANO WA UPANDE WA PILI

Kabla ya kipindi kumalizika, mjukuu wetu aliteleza.

Alikuwa akishuka. Akalegeza miguu mapema, akaporomoka kiasi cha mita mbili akiwa ameshika kwa mikono, akafika godoroni ameketi. Moyo wetu ulisimama. Mwalimu alikuwa amekwisha fika kabla yetu. Mtoto hakuvunjika wala hakuumia kiungo, lakini penye kifundo cha mguu, pale suruali ilipokuwa imepanda na kuacha ngozi wazi, palikuwa na mchubuko mwekundu kama wa kuungua. Na kwa hakika ni kuungua. Nishati ya mwili unaoshuka mita mbili haipotei. Isipogeuka kasi, hugeuka joto, na joto hilo lilipita katika ngozi yake.

Hapo tukajifunza jambo ambalo tungependa akina mama walisikie. Tulikuwa tumekuja na hoja ya mavazi, tukidhani mchezo huu unataka mtu avuliwe nguo. Tulikuta kinyume chake. Mwalimu mwenyewe huwataka wote, Waislamu na wasio Waislamu, wavae suruali inayofika kifundoni na mikono mirefu, kwa sababu nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni ndipo kitambaa kinapochoma. Ushungi anauruhusu ule wa kuvaa kwa kuingiza kichwani, usio na pini wala ncha inayoning'inia, kwani pini huchana kitambaa na ncha huweza kunaswa. Sitara na usalama vilikuwa upande mmoja, na sisi hatukutegemea.

Tulimpaka dawa, tukakaa naye. Tulingojea alie. Hakulia. Alituuliza, na hii ndiyo mara ya kwanza tangu miaka kadhaa kutuuliza jambo kwa Kiswahili bila kulazimishwa, "Bibi, kwa nini imechoma?"

Ndugu wasomaji, ninyi mlio na watoto waliokulia huku mnajua tunachokisema. Mtoto huyu aliletwa Uingereza akiwa na miaka miwili. Tukija, hutuamkia "Shikamoo bibi," tukamjibu "Marahaba," na mazungumzo yakaishia hapo. Tukimwuliza kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiingereza neno moja, akarudi chumbani. Tulikuwa tumekwisha kubali kwamba hatuna la kumpa ila peremende na dua.

Tukamwambia, "Ni msuguano, mwanangu."

"Msu-gu-ano," akarudia.

Tukasugua viganja vyake viwili mpaka vikapata moto. "Huu huu unaokushika juu usianguke, ndio huu uliokuchoma. Ukiubana miguuni unakubeba. Ukiulegeza nusu, unakuunguza."

Akafikiri. Kisha akauliza kuhusu kujiachia, na kuhusu kuzunguka, na tukajikuta tuko njiani kurudi nyumbani, tukipita chini ya mnara wa saa, giza la Novemba likianza kuingia na Magharibi inakaribia, nasi bado tunazungumza. Tulimpa kani, nishati, uzito na kasi. Yeye alitupa majina ya Kiingereza ya vifungo vyake, tukavitafutia majina ya kwetu. Kimoja tulikiita cha mkwezi. Hapo akauliza mkwezi ni nani.

Tukamsimulia kaka. Hatukuwa tumepata kumsimulia mtoto yeyote. Alisikiliza kimya mpaka tulipofika mlangoni, ndipo akasema, "Ndiyo maana hutaki nipande."

Tukasema ndiyo.

HUKUMU

Baada ya sala na chakula, binti yetu aliweka fomu ya ridhaa mezani, akaenda kujitayarisha kwa zamu yake ya usiku. Mjukuu hakusema neno. Alikwenda kuleta kamba ya kuanikia nguo, akaizungusha mara tatu kwenye nguzo ya ngazi, akampa mdogo wake wa miaka sita ncha moja. Ncha ya pili akatupa sisi. "Vuta, bibi," akasema.

Tulivuta. Kamba haikusogea. Yule mdogo alicheka kama tulivyocheka sisi Jambiani, naye alikuwa ameshika kwa vidole viwili.

Tulitia saini. Hatukutia kwa sababu hofu imekwisha. Hofu ipo tunapoandika maneno haya, na kila Jumamosi alasiri tunakaa karibu na simu. Tulitia kwa sababu tuliona kwamba kaka yetu aliangushwa na gogo lililolowa na kitanzi kikuukuu, na kwamba hakuna aliyekuwepo siku ile kuvikagua. Tuliandika masharti yetu nyuma ya fomu: kujiachia kusianze bila ya mwalimu kutuarifu, vifundo vya miguu vifunikwe, sala isikose kwa ajili ya mchezo, na kila Jumapili mjukuu atupigie simu atueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Amekwisha piga Jumapili tatu. Ya mwisho ilichukua dakika 40.

Wazazi ambao watoto wao wanaomba jambo kama hili, tunawashauri waende wenyewe wakaketi kwenye benchi. Waulize nani anakagua vifaa na lini mara ya mwisho. Waulize mtoto atapanda kimo gani mwezi wa kwanza. Watazame kama mwalimu anakasirika akiulizwa. Na wasiogope kuuliza kwa kudhani kwamba hawajui elimu ya mambo hayo. Aliyezungusha kamba gatini, aliyekwea mnazi, aliyeteka maji kisimani kwa kapi, anaijua elimu hiyo, na mtoto wake ana haki ya kuisikia kwa lugha yake.

Wahenga wetu walisema, aliye juu mngoje chini. Aghalabu tunalisema kwa mtu mwenye kiburi. Siku ile ukumbini tulilitumia kwa maana yake ya wazi, tukiwa tumekaa kwenye benchi na pakacha la tende mapajani, tukimngoja mtoto ashuke.